Kamba ya Uchungu

Mimi huumwa. Nalisema mapema ili msomaji asije akangoja nigeuke jasiri huko mbele. Mwiba wa ukindu ukiniingia kidoleni nitapiga ukelele wa kukurupusha kuku. Nilipotogwa masikio, utotoni kijijini kwetu Bweni, walinishika wanawake watatu, na bado mtogaji alijichoma kidole chake kabla hajalipata sikio langu. Sikuomba kuumbwa hivi, wala simwombi mtu radhi.

Niliolewa kisiwani Juani, siku hizo Wadachi wa Ujerumani wameshakaa Chole, kisiwa cha jirani, na bendera yao. Nyumba niliyoingia ilikuwa na sifa moja iliyotangulia mbele yake popote: hakuna mwanamke wa nyumba ile aliyewahi kusikika akijifungua. Majirani walijua kuna mtoto kwa vigelegele tu. Mwenye mimba akifika mwezi wa mwisho alisokota kamba fupi ya makumbi ya nazi kwa mkono wake mwenyewe, na siku ya uchungu aliiuma kwa meno. Mambo yakiisha, kamba ilipitishwa kwa wanawake wa ukoo waitazame. Aliyeacha alama chache alisifiwa. Aliyeitafuna alichekwa mpaka watoto wake wakaoa. Na aliyeitema akapiga kelele, huyo walisema ana la kuungama: mtoto amekataa kutoka mpaka mama amtaje mwanamume aliyelala naye nje ya ndoa. Mkunga hakumgusa tena kabla hajataja.

Bingwa wao alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Kamba yake ilitoka bila alama hata ya jino moja. Mama mkwe aliitundika chumbani mwangu, juu ya kitanda, ili niige. Nililala chini yake tangu mimba ilipoonekana, na niliichukia.

Siku moja maji yamekupwa, tulikuwa pwani mimi na wifi tukiponda makumbi tuliyoyafukua kwenye tope yakiwa yamelainika. Nikaona damu mchangani. Ganda la chaza lilikuwa limempasua wayo, naye anaponda tu.

"Wifi, mguu wako."

Akautazama kama mguu wa mtu mwingine. "Lo, sikusikia."

"Hukusikia hata kidogo?"

"Kidogo. Ndivyo nilivyo tangu mtoto. Mama alikuwa akininusa nguo nikitoka jikoni, maana naungua bila kujua."

Nikamuuliza na kuhusu kujifungua. Akageuka kuangalia kama kuna mtu karibu.

"Nikwambie kweli? Kuliniuma kama njaa inavyomuuma mtu. Nilikuwa nikijiuliza wenzangu wanaiuma kamba ya nini."

"Mbona basi huwaambii?"

"Wifi, sifa imeletwa mpaka mlangoni, niirudishe?"

Nilicheka, kisha nikakasirika, na hasira haijanitoka mpaka leo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema, lakini hawa walifanya makubwa zaidi. Walimpata mmoja ambaye kwake mzigo ulikuwa usufi kweli, wakatupimia wote kwa bega lake. Kumsifu asiyesikia kwamba amevumilia ni sawa na kumsifu mrefu kwa kuifikia nazi iliyoning'inia chini.

Mimba yangu ilikuwa imefika miezi minane mume wangu alipokanyaga taa. Samaki yule hulala mchangani bapa kama sinia, na mwiba wa mkia wake una sumu. Walimleta nyumbani wamembeba, mwanamume mwenye kifua kipana, aliyekuwa akinicheka kila nilipojikata na kisu cha jikoni. Alilia. Alimwita mama yake, akamwita baba yake aliyekuwa kaburini, akaniita mimi, akaomba mguu ukatwe. Kijiji kizima kilimsikia na kikaja. Hakuna aliyecheka. Wazee walitikisa vichwa wakasema, "Kwa taa hakuna mwanamume." Mama mkwe alimkanda kwa maji ya moto huku machozi yakimtiririka.

Nilimhurumia kwa moyo wangu wote, maana nilijua aliumwa. Lakini niliona pia kwamba hakuna aliyemletea kamba, na hakuna aliyemwambia aungame. Wanaume wa huko walikuwa na maneno mawili waliyoyasema kwa pumzi moja: kwamba mwanamke ni dhaifu, na kwamba mwanamke ameumbiwa maumivu hivyo hayamwumizi. Nimewauliza wengi lipi ni la kweli kati ya hayo mawili. Hujibu kwamba nina mdomo.

Mwezi uliofuata uchungu ulinianza asubuhi, jua limeshapanda. Kamba yangu nilikuwa nimeisokota nene, maana nilijijua. Niliiuma. Naapa niliiuma mpaka ufizi ukatoka damu, kwa sababu nilikuwa mgeni katika nyumba ile na nilitaka kupendwa. Kisha yakaja maumivu ambayo sikuwa na mahali pa kuyaweka, nikaitema kamba nikapiga kelele.

Mkunga aliondoa mikono yake. Akajifuta kwa kaniki, akaketi kando.

"Mtaje," akasema.

Mama mkwe alinishika kichwa. "Mtaje, mwanangu, upone. Mtoto atakufa." Hakuwa akinichezea, aliamini.

Nami niliogopa. Nilihisi mtoto hasogei. Nikinyamaa na kutotaja, mkunga hatanigusa, na tutakufa wote wawili. Nikitaja jina lolote lile, mikono itarudi, mtoto atazaliwa hana baba nami sina nyumba. Na sikuwa na wa kumtaja. Nililala pale nikiwaza ni jirani gani nimsingizie, na wazo lile lilinitia hasira iliyoupita uchungu wenyewe.

"Namtaja," nikasema.

Wakainama wote kunisikiliza.

"Ni mwanao, mama. Hapana mwingine. Na kama kelele ni dalili ya zinaa, nendeni mkamwulize na yeye, siku ile ya taa alikuwa ametoka kulala na nani."

Wifi aliangua kicheko. Alikuwa ameketi mlangoni na bakuli la maji, na maji yakamwagika. Kisha akaacha kucheka.

"Mama," akasema, "mimi sikuvumilia kitu. Sikusikia, basi. Huyu anasikia. Bibi, mrudishie mikono yako, la sivyo nitamzalisha mimi, na mimi sijui."

Mkunga alimtazama mama mkwe. Mama mkwe alitazama ukuta. Nikapiga kelele tena, na mikono ya mkunga ikarudi tumboni kwangu.

"Amekaa upande," akasema. "Hapa panauma?" Nikapiga kelele. "Na hapa?" Nikapiga kubwa zaidi. Akaniambia nisinyamaze, maana sasa anajua pa kumsukuma na pa kupaacha. Alimgeuza mtoto polepole, akifuata sauti yangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini siku ile na mkunga aliujua, na Juani nzima pia.

Adhuhuri ikiadhiniwa alitoka mtoto wa kike. Alitoka kimya. Alikuwa amelegea, midomo imekuwa buluu. Mkunga alimpiga nyayo, akampulizia puani. Kimya. Mama mkwe alimnyakua mikononi mwake, mama mkwe yule yule, akamgeuza kichwa chini, akampiga mgongoni.

"Lia, mama," akasema. "Piga kelele, mjukuu wangu. Usinyamaze, nakuomba, piga kelele wakusikie mpaka Chole."

Mtoto alilia. Ilikuwa sauti kali, mbaya, ya kupasua masikio, na wanawake wote wakamshukuru Mungu kwa sauti ile.

Hapo nami nikaanza tena kupiga kelele. Maumivu yalikuwa yameshapungua, nakiri. Mama mkwe alinigeukia, mtoto kifuani, akafungua mdomo anikanye, kisha akamtazama mtoto anayelia, akaniacha. Nililia mpaka nikatosheka.