Mazalia Niliyoyasafisha

Magugu maji yakishang'olewa na kurundikwa juani, siku ya tatu hutoa harufu ambayo mpaka leo sijaipatia neno. Si ya kuoza tu. Ni kama nguo mbichi iliyosahaulika ndani ya ndoo, imechanganyika na tope na kitu kitamu kidogo, kama tango lililopasuka. Mwezi uliopita nilishuka soko la Mwigobero, mjini Musoma, kununua samaki, nikakuta vijana wameyarundika kando ya mahali mitumbwi inapofungwa. Nilisimama pale na mfuko mtupu mkononi mpaka mama mmoja muuza sato akaniuliza, "Dada, unanunua au unasali?"

Sikununua. Nilirudi chumbani kwangu nikaanza kuandika haya. Hii ni mara ya sita ninaanza. Karatasi tano za kwanza nilizichana, kwa sababu kila nilipozisoma nilijikuta nimejiandika vizuri kuliko nilivyokuwa.

Basi nianze na lililo kweli. Nilikuwa mtoto msafi kupita kiasi.

Tulikaa kijiji cha ziwani, kati ya Musoma na Bunda, nyumba ya tatu kutoka majini. Baba alikuwa mvuvi, na miezi mingi alikuwa kambini visiwani. Mama alizaliwa upande wa Butiama, kwa watu wa ng'ombe na mtama, na alipoolewa ziwani alikuja na mafagio yake. Kwao, alisema, mtu anatazamwa uwanja kwanza, sura baadaye. Uwanja wetu haukuwa na jani. Likichomoza moja baada ya mvua, mama alilifinya kwa kucha kabla hajanawa uso. "Majani karibu na nyumba ni mlango wa nyoka," alinifundisha, na mimi nikalishika somo hilo kuliko masomo yote ya shule. Nilifagia, kisha nikafagia tena ili mistari ya ufagio ielekee upande mmoja. Kuku akipita juu yake nilikuwa natamani kulia. Majirani walicheka, mama akajivuna, na mimi nikaendelea.

Mtu pekee aliyenitania bila kunisifu alikuwa shangazi Nyabweke, dada yake baba. Huyo alizaliwa majini, au alipenda tuamini hivyo. Jioni alikuja kukaa jikoni na mama, wifi yake, akimfundisha maneno ya Kijita na kumcheka anavyoyatamka kwa ulimi wa Kizanaki. Mama hakuwa na rafiki mwingine ziwani. Nawaambia hili sasa kwa sababu wakati ule sikulitilia maanani. Niliona wanawake wawili wanacheka, basi.

Shangazi alikuwa mlinzi wa mazalia. Mwaloni kwetu, yaani pale mitumbwi inapotia nanga na samaki kuuzwa, palikuwa na kamati, na kamati ilikuwa imekubaliana kwamba kipande kimoja cha ufuko chenye matete na mafunjo kisiguswe, maana ndimo samaki wanamotagia na wadogo wanamojificha. Shangazi alipewa filimbi. Akiona kokoro, wavu ule wa kukokotwa, au panga karibu na matete, anaipuliza mpaka kijiji kizima kinasimama. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo, na wapo wanaume walioisikia filimbi ile kama tusi. Mwenyekiti wa kamati, mzee Magesa, alisema waziwazi kwamba anasubiri tu siku atakayokosea.

Nilikuwa na miaka kumi pale magugu maji yalipojaa. Upepo uliyaleta kwa wiki mbili, zulia la kijani lenye maua ya zambarau, mpaka mitumbwi ikashindwa kutoka. Kamati ikagawa ufuko, kila kaya na kipande chake, wang'oe magugu na kuyarundika mbali na maji. Kipande chetu kilipakana na mazalia. Shangazi alitupitisha pale, akatuonyesha kwa kidole. "Haya yanayoelea, toeni. Yaliyonasa kwenye matete, yaacheni. Nitayatoa mwenyewe polepole, kwa mkono. Wifi, umenisikia? Ziwa halifagiliwi kama uwanja wenu wa Butiama." Mama akacheka. "Nimesikia." Kesho yake shangazi akaondoka kwenda Kabasa, mjini Bunda, binti yake alikuwa amejifungua.

Mama alikuwa na palizi ya mihogo, hivyo kipande chetu nilikifanya mimi. Ilikuwa likizo. Siku mbili nilivuta magugu kwa reki, maji yakinifika mapajani, na sitaficha kwamba nilikuwa na furaha. Kipande chetu kiling'aa. Tatizo likawa pale kwenye mpaka na mazalia. Upande huu maji meupe, upande ule matete yamelala huku na huku, magugu yamejisokota ndani yake, mabua makavu, manyoya ya ndege, tope. Niligeuza mgongo ili nisipaone, nikapaona vilevile. Nilikula mchana nikiwaza pale. Nikajiambia nitatoa tu magugu yaliyonasa, nimsaidie shangazi. Lakini magugu yaliyonasa hayatoki safi. Unavuta, linakatika, kipande kinabaki kinaelea, na kipande hicho kikawa kama kibanzi ndani ya jicho langu. Nikaleta panga ili nipunguze matete machache nifikie vipande. Machache yalipokatwa, yaliyobaki yakaonekana vibaya zaidi.

Mtu aliye kama mimi atanielewa. Hakuna mahali pa kusimama.

Siku ya tatu nilichimba mashina kwa jembe. Nilikuta chini, kwenye mchanga, mashimo ya duara, mapana kama ungo, yamepangika vizuri ajabu. Nilidhani ni watoto wenzangu wamechimba wakicheza. Nikayasawazisha kwa reki. Kwenye shimo moja alikuwapo samaki, sato mwenye koo jekundu, naye hakukimbia. Nilimsukuma kwa reki, akaenda hatua mbili, akarudi. Nikampiga maji, akaenda, akarudi. Alikuja mpaka akaigonga reki kwa mdomo. Nilimcheka, nikamwita mjinga, nikasawazisha.

Jumamosi jioni mama alirudi na jembe begani, akasimama kando yangu kuutazama ufuko. Alitazama muda mrefu. "Sasa panaonekana watu wanaishi hapa," alisema, na akaniwekea mkono kichwani. Nadhani hakutambua mpaka wa mazalia ulikuwa wapi. Kwake yeye, majini kote kulikuwa kumoja tu.

Shangazi alirudi Jumapili. Hakupiga kelele, wala filimbi. Alisimama ufukoni na kitenge chake cha safari, viatu mkononi, na nilimwona kutoka dirishani akiinama, akigusa mchanga. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimekosea. Niliacha kula.

Jumatatu kamati ikaita watu mwaloni. Walikaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa, wanawake kwenye mchanga. Mzee Magesa hakuficha alivyofurahi. "Mlinzi wetu yuko Kabasa anakunywa uji wa mzazi," alisema, "huku mazalia yanafyekwa hadi mizizi. Watu hawafyeki matete bila ruhusa. Nyabweke, uliwaruhusu akina nani? Wajenga uzio wa matete wa Bunda? Walikupa nini?"

"Sikumruhusu mtu."

"Basi yalijifyeka."

Watu wakacheka. Kijana mmoja akaongeza kutoka nyuma, "Labda kiboko siku hizi ananunua panga!" Wakacheka zaidi. Shangazi alisimama peke yake katikati, filimbi ikining'inia kifuani.

Nilikuwa nimekaa kando ya mama. Nilijua ninachotakiwa kusema. Lilikuwa neno moja, mimi, na nilikuwa nalo mdomoni, limeshapata umbo. Nililishika nikihesabu. Nikifika kumi nitasimama. Nikafika kumi, nikaanza upya, kwa sababu nilihisi mara ya kwanza nilihesabu haraka mno. Ndivyo nilivyokuwa. Nilitaka hata kukiri kwangu kusiwe na dosari.

Mama akasimama kabla sijafika.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa natoa magugu, nikaona nipanyooshe."

Mwalo mzima ukaangua kicheko. Wote walimwamini papo hapo. "Mtu wa ng'ombe huyo! Alikuwa anatafuta lishe ya ndama!" Hata mzee Magesa alifuta machozi. Shangazi peke yake hakucheka.

"Wifi. Wewe?"

"Mimi."

"Nilikwambia mara ngapi?"

"Mara nyingi."

Shangazi aliendelea kumtazama kama anayesubiri wa pili, yule wa kweli, atokee nyuma yake. Hakutokea mtu. Nilikuwa nimekaa.

Mzee Magesa akasema mlinzi anayeshindwa kumzuia wifi yake hatamzuia mvuvi haramu. Akanyoosha mkono, na shangazi akavua filimbi. Mama akaamriwa kuotesha upya matete yote. Miezi iliyofuata, kila asubuhi kabla ya shamba, aliingia majini na vipande vya mizizi alivyoviomba vijiji vya jirani. Nilimfuata kumsaidia, naye hakuniuliza kitu wala kunigombeza. Watoto waliopita walilia kama ng'ombe. Jina la Mama Ndama lilimganda miaka mingi, na lilipoitwa mbele yangu niliangalia chini. Jioni jikoni petu palikuwa kimya. Nilidhani shangazi ana kazi nyingi.

Masomo yangu yaliishia kidato cha nne. Yote ninayoyajua kuhusu mimea ya ziwa nimejisomea mwenyewe, kwenye vipeperushi, kwenye simu, kwa kuuliza watu mpaka wanichoke. Ninaweza kukueleza kwamba yale mashimo ya duara ni viota, sato dume huvichimba kwa mdomo na kuvilinda, na jike hubeba mayai kinywani mpaka watoto waweze kuogelea. Nimelisoma hilo mara nyingi kuliko inavyohitajika. Nilijua kwa muda mrefu nilichowafanyia samaki. Nilichora viota katika daftari, nikapima, nikarudia mchoro, kana kwamba nikiupata sawasawa nitakuwa nimelipa.

Siku chache baada ya ile harufu ya Mwigobero nilikwenda kijijini. Kamati ya sasa ilikuwa imeniomba nizungumze na wanafunzi kuhusu mazalia, na nilishindwa kuandaa hata sentensi ya kwanza. Nikamuuliza mama, akiwa anachambua mboga, kwa nini alisimama siku ile.

"Jumamosi nilikwambia panapendeza," alijibu. "Nani alifyeka, kama si mimi? Halafu ulikuwa huli. Siku mbili hukula." Akaendelea kuchambua. "Usiende kumsumbua shangazi yako. Matete yameota."

Nilikwenda. Shangazi alikuwa anageuza dagaa kwenye chanja, amezeeka mabega, mikono bado ya haraka. Sikusubiri aniambie karibu.

"Shangazi, mazalia niliyafyeka mimi. Siyo mama."

Aligeuza dagaa mpaka mwisho wa chanja, ndipo akaniangalia.

"Mama yako alisema ni yeye."

"Alinifichia."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Umekaa."

"Nilikaa."

Nilitarajia acheke. Watu wazima hucheka dhambi za utotoni, na kusema kweli nilikuwa nimeshajiandalia tabasamu. Hakucheka. "Filimbi," alisema, "ningeisahau mwaka uleule. Nilichosema moyoni ni kwamba wifi yangu alifanya makusudi, kwa sababu nilimcheka Kijita chake. Mwaka uliofuata, alipofiwa na kile kichanga, mdogo wako, sikwenda kukaa naye. Unanisikia, Nyanjura? Nyumba ya tatu kutoka hapa, sikwenda. Nilisema awaite watu wa Butiama wamshike mkono."

Nilimkumbuka mama kipindi kile. Nilimkumbuka amekaa kitandani mchana, mlango wazi, anaangalia nje kama anayemngoja mtu. Nilikuwa nafagia uwanja. Nilidhani anautazama uwanja.

Miaka yote nimehesabu viota na matete, na kumbe vilivyoharibika kweli sikuwahi kuvihesabu. Matete yaliota kwa misimu mitatu. Mama alibeba kosa langu ili nile chakula, na mimi nikala, nikakua, nikamwacha nalo.

Shangazi alijifunga kitenge upya, akanisukumia fimbo ndefu mkononi. "Yangeyange wakigusa dagaa wangu, utanitambua," alisema kwa hasira, hasira ya kweli, na akaondoka kwa miguu yake inayouma kuelekea nyumbani kwetu. Nilimwona akifika mlangoni. Alisimama pale kidogo, akapiga hodi. Mama alifungua, mikono bado ina mboga. Sikusikia walichosema. Waliingia ndani, mlango ukafungwa, nami nikabaki juani nafukuza ndege.