Barafu Niliyopeleka kwenye Posa ya Rukia

Mpaka leo nikialikwa shughuli yoyote ya ukoo wetu hapa Toronto, lazima atokee mtu wa kuniuliza kama nimekuja na barafu, nami nacheka nao tu, maana aibu yenyewe niliitafuta kwa mikono yangu.

Miaka ile ya elfu mbili na kumi hivi nilikuwa msaidizi wa maabara, na kazi yetu ilikuwa kuchukua damu ya farasi wa mbio kabla hajakimbia na baada ya kukimbia, ili tuone mazoezi yanaamsha jeni zipi na kulaza zipi (jeni zenyewe hazibadiliki, kinachobadilika ni zipi zinafanya kazi). Damu ile haitakiwi kupata joto. "Salma, farasi huyu anauzwa kesho, hatumpati tena," profesa aliniambia, nami nikafunga vichupa vyangu ndani ya mfuko, mfuko nikauzika kwenye barafu ndani ya kisanduku cha bluu, nikaondoka uwanjani. Sasa njiani ndiko kwa Shangazi Zubeda, Etobicoke, ghorofa ya kumi na moja, na siku hiyo watu wa Richmond Hill walikuwa wanakuja kumposa binti yake, Rukia. Nikasema nipande dakika tano tu nisalimie, nisije nikanuniwa mwaka mzima, na kisanduku nikapanda nacho kwa kuogopa jua la Julai.

Nilisahau kwamba kwetu mgeni akija shughulini na mzigo, huo ni mchango wa jikoni, na anapokewa kabla hajavua viatu.

"Ahsante mwanangu, barafu ndiyo iliyotuishia!" Shangazi akasema akichungulia ndani, kisanduku kikaenda, mimi nikavutwa sebuleni kuwapa mikono kina mama kama ishirini (naolewa lini, mbona nimekonda), na nilipoinua macho sharbati ilikuwa inapita, barafu inagongana kwenye glasi, na mama yake bwana harusi ameshaipeleka yake mdomoni.

"Msinywe! Hiyo barafu ya damu ya farasi!"

Wallahi bora ningenyamaza. Mfuko haukuvuja hata tone, barafu ilikuwa safi, lakini damu ni najisi na neno nimeshalitoa. Mama wa watu akatema sharbati kwenye zulia, Rukia akaanza kulia, na mimi, badala ya kuomba radhi, nauliza vichupa vyangu viko wapi. Shangazi, ambaye hajui kutupa kitu, alikuwa ameviweka kwenye friji, kati ya mtindi na kachumbari, baridi kabisa. Nilitaka kumbusu.

Nikasimama mbele ya wote na mfuko wangu mkononi, nikaeleza kuwa mfuko umefungwa, nikaeleza na kazi yetu, jinsi farasi akikimbia jeni zilizolala zinavyoamka. Kisha yule mama akajipangusa kidevu.

"Na mtu je? Mimi nikitembea, zangu zitaamka?"

"Zitaamka, mama."

"Basi leo nashuka kwa ngazi."

Posa ikakubaliwa, akashuka kweli ghorofa zote, kina mama wengine nyuma yake na magauni yao wameyashika, nami mbele nimekumbatia kisanduku. Vichupa vilifika salama, Rukia ana watoto wawili. Lakini tangu siku hiyo mzigo wa kazi naupeleka maabara moja kwa moja, na shughulini naenda mikono mitupu. Wanasema mimi mchoyo, nami nakubali.