Njia ya Baleni Niliyoiandika Rahisi

Mimi ni mtu wa kupanga. Nyumbani wananitania kwamba hata kupiga chafya nina ratiba. Kwa hiyo nilipoamua kuwapeleka wanangu wawili likizo ya baiskeli Mafia, kisiwa nilikozaliwa, bila kiongozi wala gari la kutufuata nyuma, niliipima njia wiki nzima kabla ya kuondoka Dar. Tungetoka Kilindoni hadi Baleni kwa shangazi, tulale, kesho yake turudi. Nilitazama ramani kwenye simu, nikampigia shangazi kumuuliza mchanga umekaaje. Kisha nikaandika kwenye daftari: kilima cha kutisha hakuna. Mchanga mwingi sehemu mbili, tutasukuma. Kijana, miaka kumi na moja, ataweza. Binti, miaka minane, apumzike kila atakapolalamika. Mimi, nitaumwa mapaja. Baba, anaijua njia. Chini nikapiga mstari na kuandika: rahisi.

Baba alikuwa amebeba nazi kwa baiskeli kwenye njia ile maisha yake yote, magunia mawili kwenye keria, kutoka Baleni hadi Kilindoni. Nilimwomba aje nasi kwa sababu wanangu walimjua zaidi kwa simu, naye akakubali kabla sijamaliza kusema. Sikumuuliza kama ataweza. Kumuuliza niliona ni kumvunjia heshima.

Tulitoka asubuhi, na hata hatujafika mbali baba akashuka. Kwetu, ukiwa juu ya baiskeli ukakutana na mtu aliyekuzidi umri, unashuka, unamwamkia miguu ikiwa chini, ndipo unaendelea. Mkubwa hana haja ya kushuka. Anaitikia marahaba akiwa juu ya tandiko na kupita zake. Baba alikuwa na miaka sabini na kitu, na waliomzidi umri njiani walikuwa wachache mno. Hata hivyo alishuka kwa kila mtu. Alishuka kwa mwanamke aliyekuwa akipalilia mihogo, akashuka kwa vijana wa bodaboda ambao wangeweza kuwa wajukuu zake. Aliwauliza habari za watoto, za shamba, za mvua, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kiunoni.

"Baba, tutachelewa," nilimwambia mara ya nne.

"Tuwapite watu kimya, mwanangu? Watasema umerudi na maringo ya mjini."

Maneno hayo yalinichoma, maana nilishawahi kuambiwa. Nilinuna, nikawa napiga pedali mbele kwa makusudi ili aone ninavyosubirishwa.

Baada ya mchanga wa pili binti yangu, aliyekuwa nyuma na babu yake, alinifikia akihema.

"Mama, babu anasalimia shamba. Pale hapana mtu."

"Babu anajua watu wote," nilimjibu. "Wamo ndani huko, huwaoni tu."

Niligeuka. Baba alikuwa amesimama kando ya mihogo mitupu, ameinamia usukani, akiita kwa sauti ndogo, "Hodi wenyewe! Hamjambo?" Nilimwona vizuri kabisa. Kisha nikatazama saa. Hilo ndilo ambalo mpaka leo silisamehe.

Kwa shangazi alikula kidogo, akasema maneno ya watu njiani yamemshibisha, tukacheka sote. Kesho yake alirudi Kilindoni kwa bodaboda, eti anawahi sala ya Ijumaa. Baiskeli yake ilibaki uani kwa shangazi.

Alifariki kabla ya Ramadhani. Hospitali walisema moyo wake ulikuwa umechoka siku nyingi. Siku ya arobaini shangazi alinivuta pembeni.

"Alijua," alinambia. "Mie nikamwambia, mwambie mwanao. Akasema mwanangu keshaipanga safari yake, tusimharibie."

Niliingia chumbani nikalia. Nilikuwa nimepima mchanga, kilima, miguu ya watoto na mapaja yangu mwenyewe. Mtu mmoja tu sikumpima, nikaiita heshima. Na yeye alinificha pumzi zake zilizokuwa zikimwishia ndani ya heshima hiyohiyo, ndani ya salamu, akijua kwamba mtoto aliyelelewa kwetu hawezi kumkataza mzee kusalimia watu.

Mwaka huu tulirudi njia ileile. Binti yangu sasa ndiye anayetangulia. Tulipofika penye lile shamba la mihogo alisimama bila kuniuliza, akashuka, akainamia usukani na kuita, "Hodi wenyewe! Hamjambo?"

Hakuitikia mtu. Kaka yake alishuka, nami nikashuka. Jua lilikuwa limeshapanda na shangazi alikuwa akitungoja na chakula. Tulisimama pale muda mrefu, na safari hii sikumwambia mtu kwamba tutachelewa.