Mayai Mawili Kichwani Kila Jumamosi

Nyie mnaoandika "tunataka video nyingine ya yai!" mnanichosha. Mnajua hicho kichwa mnachokifurahia ni cha nani? Tulieni niwaambie.

Ni cha fundi cherehani mmoja, mtaani wanamwita Kichaka kwa ajili ya nywele zake. Hajawahi kuzitia dawa. Amezilea miaka minne, na zilipogusa mabega alianza kutembea shingo juu. Anaishi kwa kaka yake, na cherehani yake iko barazani hapohapo, ndipo wateja wanapomfuata. Yaani pa kulala na pa kazi ni mlango mmoja, na mwenye mlango ni wifi yake.

Wifi ndiye yule mnayemsikia kwenye video. Simu anaiegemeza kwenye kopo la sabuni bafuni, anapasua mayai mawili, anakoroga na mtindi na mafuta ya nazi, anampaka Kichaka, anamfunga mfuko wa plastiki kichwani. Nusu saa. Mwanzoni nywele zilipata nguvu kweli, sibishi. Yai lina protini, na nywele zilizolegea zinaipenda, mara mojamoja. Lakini video inatakiwa kila wiki! Miezi mitano mfululizo, nywele zikakakamaa kama ufagio. Kitana kikipita, zinabaki kitanani.

"Wifi, zinakatika," Kichaka akasema.

"Zina njaa hizo. Tutaongeza yai la tatu."

"Zimeshiba, wifi. Zinataka maji tu, zipumzike."

"Ulisomea wapi wewe? Kwenye kukunja pindo?"

Zikikatika, dawa ni yai. Akipakwa yai, zinakatika zaidi. Atokee wapi sasa?

Jumamosi iliyopita wifi akachemsha maji ya kusuuzia, eti mvuke uonekane vizuri kwenye video. Akaanza kummiminia upande wa kushoto. Maji ya moto juu ya yai bichi! Likaiva humohumo. Kichaka alishinda kwenye cherehani akichambua vipande vya yai kichwani, kila kipande kinatoka na nywele zake. Mteja aliyekuja kuchukua gauni akamtazama. "Dada, leo umejikaanga?" Upande wa kushoto umebaki urefu wa kidole.

Akamwendea kaka yake. "Kaka, sema naye."

Kaka akachungulia mlangoni kwanza, ndipo akajibu, tena kwa sauti ya chini. "Mdogo wangu, vumilia. Ni nywele tu, zitaota. Ukimuudhi, hiyo cherehani utaiweka wapi?"

Kichaka akarudi barazani, akaendelea kushona.

Mimi jirani yao nikamfuata wifi mwenyewe, nikamwuliza kwa nini haachi. Hakukasirika hata kidogo. Akanionyesha simu. "Ona, watu wananisubiri. Nifanyeje?"

Watu wenyewe ndio nyie. Lile yai lililoiva mlilicheka mpaka mkaomba sehemu ya pili. Basi sehemu ya pili ni keshokutwa, upande wa kulia, na trei ya mayai nimeiona kwa macho yangu juu ya meza.

Kichaka hawezi kusema hapana ndani ya nyumba ile. Wewe unaweza, na hakuna atakayekufukuza. Ingia kwenye ule ukurasa wa wifi leo hii, andika kwamba wiki hii hutaki yai, unataka kile kichwa kiachwe. Tafadhali, andika sasa hivi.