Chunusi za Binti wa Katuni

Leo kwa kinyozi hapa Igoma, wanaume wazima watano tumenyamazishwa na binti wa kidato cha pili.

Tulikuwa tunaiponda ile katuni ya utotoni mwetu, iliyotengenezwa upya, ikiwa inaonyeshwa kwenye TV.
Eti yule binti wa kwenye katuni wamemharibu! Ana chunusi, analialia, anajibu wakubwa.
(Mwenye kelele kuliko wote nilikuwa mimi. Msinicheke.)

Kinyozi akafoka: "Zamani alikuwa na sura ya kueleweka!"

Kumbe binti yake yuko mlangoni, kamletea chakula.

"Shikamooni. Baba, huyo ana miaka mingapi?"

"Kumi na nne."

"Kama mimi. Chunusi zangu si ulisema ni za umri tu?"

Mashine ikabaki inanguruma peke yake.

Kinyozi akabadilisha chaneli, tukakuta mpira wa vijana.
Tukashusha pumzi, tukaanza kumtukana kipa wa miaka kumi na sita.