Chuchu ya Watu

Kwanza niseme la haki: samadi ilikuwa ya mbuzi wa jirani yangu. Nilimwomba mwenyewe, akaniruhusu nizoe zizini kadiri ninavyotaka. Nikaichanganya na mchanga wa mtoni, nikajaza mitungi minne ya manjano ya mafuta ya kupikia, ile niliyoikata juu na kuitoboa chini kwa msumari wa moto. Kwa hiyo mtu akisema mbuzi yule alikuwa na fungu lake katika stroberi zangu, siwezi kumwita mwongo. Nimelifikiria sana hilo. Bado nasema nilionewa.

Miche aliniletea binamu yangu anayefanya kazi Limuru, imefungwa kwa gazeti bichi. Watu walicheka. Jua la Garissa linakausha kanzu kabla hujaanika ya pili, na mimi nataka tunda la watu wa baridi. Niliipanga mitungi kwenye ukuta usiopata jua la mchana, nikaifunika kwa wavu, nikanunua maji ya mto kwa mwenye punda, kwa sababu ya kisima yana chumvi na chumvi hukausha majani kuanzia pembeni. Hayo sikuyasoma popote, shule yangu iliishia darasa la sita. Niliua mche ndipo nikajua.

Maua yalipotoka, meupe, nilikuwa sokoni. Kurudi nikakuta wavu chini na mbuzi wa jirani amesimama kwa miguu ya nyuma, anamaliza mtungi wa tatu. Kati yetu kuna ua wa miiba wenye pengo, na kusema kweli sijui kuliziba ilikuwa kazi yake au yangu.

Nilikwenda kwake kwa adabu. Alikuwa amekaa mlangoni na wanawake wengine, wanakunywa chai. Nikamwomba amfunge mbuzi wake tu, maana umebaki mtungi mmoja na una maua. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Abaayo, dada yangu," akasema, "majani ni ya Mungu. Mbuzi hajui kusoma jina lako."

Mwingine akauliza kama nitampeleka mbuzi kwa chifu. Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilipofika nyumbani kile kicheko changu mwenyewe ndicho kilichoniuma. Nikaapa kwamba mbuzi yule atafungwa kamba, na atakayemfunga ni yeye mwenyewe, kwa mikono yake, kabla mtungi wa nne haujaliwa.

Sasa, mbuzi huyo hushinda mjini akila maboksi, na jioni hurudi kwa mtoto wake aliyefungiwa kwa jirani. Lakini kabla ya kufika hupitia kwangu. Mchungaji yeyote anajua sheria ya kiwele: mbuzi ana chuchu mbili, moja ya watu, moja ya mtoto. Jirani yangu hukama ya kulia na kumwachia mtoto ya kushoto. Nimemwona akifanya hivyo tangu tuhamie hapa.

Basi jioni ile mbuzi alipoingia kwa lile pengo, nilimshika mguu, nikachuchumaa, nikakama ya kulia mpaka ikawa tupu. Ya kushoto sikuigusa. Mtoto wa mbuzi hakunikosea kitu. Kesho yake pia, na siku zilizofuata. Sikumuuliza sheikh kama ni halali, kwa sababu nilijua atakachosema. Ila kila nilipokama nilijiambia: alikula kwangu, nakunywa kwake. Wakati mwingine niliamini. Wakati mwingine niliona mimi ni mwizi mwenye maneno mazuri, lakini mkono haukuacha kukama.

Jirani akaanza kuhangaika. Akasema mbuzi amekauka upande mmoja, lazima kuna mtu aliyemtazama bila kusema mashallah. Akamfukizia ubani. Yule yule wa utani wa chifu akamwambia jicho linalokausha upande mmoja tu ni la mtu chongo, amtafute chongo wa mtaa. Wakacheka tena, safari hii si mimi niliyechekwa. Nilikuwa nasuka mkeka, nikainamisha kichwa. Wallahi ilikuwa tamu.

Mwishowe alikuja kwangu kulalamika, na mgeni hupewa chai. Ningeweza kuweka maziwa ya dukani. Yalikuwepo. Niliweka yale.

Akanywa funda moja. Mtu aliyelelewa na mifugo huko Ijara huwezi kumdanganya kwa maziwa. Anajua mnyama amekula nini. Akaitazama mitungi yangu, akanitazama mimi.

"Huyu ni wangu," akasema.

"Ni wako."

"Umemkama chuchu gani?"

"Ya watu."

"Na ya mtoto?"

"Sijaigusa hata siku moja."

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimeyaandalia majibu, mengine mabaya. Yeye akamaliza chai yake yote, kwa sababu maziwa hayamwagwi, akaweka kikombe chini polepole. Akasema ningekuwa nimegusa ya mtoto, leo tungekuwa mbele ya wazee. Kisha akaondoka bila kuaga.

Jioni hiyo hiyo nilimwona akimfunga mbuzi kwenye mti wa mgunga, kamba mpya, fundo mara mbili. Hakunisalimu tangu hapo. Sasa anamletea majani kwa kichwa, kwenye jua, na nakiri kwamba nikimwona amebeba hutafuta kazi ya kufanya uani ili nimwone vizuri. Najua si vizuri. Naandika tu jinsi ilivyo.

Mtungi wa nne ulizaa. Lilikuwa tunda dogo kama kidole cha mtoto, jekundu upande mmoja. Nilisubiri mpaka jirani atoke kumpa mbuzi maji, nikabeba kigoda, nikakaa penye lile pengo, nikaliuma.

Lilikuwa chachu kama ukwaju. Sikukunja uso. Alikuwa ananitazama, kwa hiyo nilitafuna taratibu, nikameza, nikalamba kidole.