Kuwaiti, Naijeria na Homa ya Mwanangu

Mwanangu alikuwa anaungua mgongoni mwangu, na wanaume walikuwa wanabishana nani tajiri zaidi, Kuwaiti au Naijeria.

Nilizaliwa Kawetele, nikaolewa Kiwira. Ilikuwa Jumapili, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, petroli imepanda bei mpaka serikali ikapiga marufuku magari kutembea Jumapili mchana. Jirani yetu mmoja tu alikuwa na gari lenye mafuta: mwenye duka, Mwislamu mpole, rafiki wa mume wangu. Pikapu yake ilikuwa uani. Hospitali iko Tukuyu, na mtoto, ambaye hata kutembea hajajua vizuri, shingo ilikuwa imeshakakamaa. Nikaenda dukani kumwita mume wangu atuombee ile pikapu.

Nilipofika mlango wa nyuma nikasimama. Ndani nilisikia baba mkwe anakohoa.

Asiye wa kwetu haelewi. Kwetu Wanyakyusa mke hakutani na baba wa mumewe. Akimwona njiani, anaingia migombani. Haingii alipo, hapazi sauti akamsikia. Tangu niolewe sikuwahi kuuona uso wa mzee yule, wala yeye wangu. Nikajibana ukutani, nikingoja mume wangu atoke japo kujisaidia.

Atoke wapi! Alikuwa mwalimu wa siasa, na akishapata hoja humtoi. Anasema Naijeria ina watu wengi na ardhi. Miaka ikienda mafuta yao yatageuka viwanda na shule, na ya Kuwaiti yatabaki fedha za familia chache. Mwenye duka anacheka, anasema gawanya utajiri kwa vichwa uone: Kuwaiti kila mtu anashiba, Naijeria wanagombania sufuria moja. Wamekaribia kuchoka, namshukuru Mungu, mara baba mkwe akauliza, kwa Kiswahili chake kizito, kwani kabla ya mafuta hawa walikuwa na nini? Swali zuri, sikatai. Lakini nilitamani kumrushia jiwe. Wakaanza upya, mwenye duka na wapiga mbizi wa lulu wa Kuwaiti, mume wangu na karanga na mawese ya Naijeria, wakilinganisha jana na leo, leo na kesho.

Mafuta ya nchi mbili yamewajaa mdomoni, na mimi nataka ya kunifikisha Tukuyu tu. Hasira ilinipanda mpaka machozi yakanitoka. Mtoto akaanza kurusha mikono. Nikamshusha, nikamwona macho yamegeuka meupe. Degedege.

Niliingia. Kichwa wazi, kanga inaburuta, nikapita mbele ya baba mkwe mpaka kwa mume wangu. "Mtoto anakufa," nikasema.

Mume wangu akaduwaa. Aibu kwanza, mtoto baadaye. Nililiona hilo usoni pake na sijalisahau. Mzee ndiye aliyegeukia ukutani, akajifunika koti usoni, akamwambia mwenye duka atoe gari, polisi wakitukamata wamfunge yeye mzee. Akasema atatufuata kwa miguu, maana hawezi kupanda gari moja na mimi.

Tulifika. Daktari akasema ni homa ya uti wa mgongo, tumemchelewesha, lakini atajaribu. Mtoto akachomwa sindano siku nyingi. Mume wangu alilala sakafuni kando ya kitanda, hakutaja nchi yoyote. Baba mkwe alikuja kila siku kutoka Kiwira. Alisimama nje ya dirisha la wodi, ametugeuzia mgongo asinione, akisikiliza kama mjukuu wake bado analia.

Homa ikashuka. Mtoto akanyonya, akacheka. Nilifurahi kama mwendawazimu. Nikamwita jina lake, hakugeuka. Nikamwita tena kwa nguvu, wagonjwa wengine wakanitazama. Nikaenda nyuma ya kichwa chake, nikapiga makofi. Akaendelea kuchezea shuka.

Dirishani mzee akageuka. Alinitazama usoni, mchana kweupe, wodi nzima inaona.

"Mwanangu," akaniambia, "piga tena."